Panya Aliyefia Vietnam na Basi la Mandera: Katuni Fupi na Upingaji wa Vita Kaskazini Mashariki ya Kenya

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wasanii wawili wa New York, Lee Savage na Milton Glaser, walitengeneza filamu ya katuni ya yapata dakika moja. Mhusika wake hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote: alikuwa Mickey Mouse. Anatembea kwa bashasha, anaona bango linalomwalika aingie jeshini aione dunia, anavaa kofia ya chuma, anapanda meli, anateremka Vietnam. Hapigani na mtu. Adui hata haonekani. Kabla hajapata wasaa wa kutazama huku na huku, risasi inampata kichwani. Anaanguka, tabasamu linamtoka usoni, damu inamchirizika. Filamu imekwisha. Hakuna msimulizi wala neno la mazungumzo.

Ni rahisi kuisifu kwa ufupi wake, au kwa ujasiri wa kumchukua mhusika wa kampuni kubwa bila kuomba ruhusa. Mimi naona nguvu yake iko kwingine. Savage na Glaser hawakumchora Mvietnam, awe mwema au mbaya. Walimchukua kipenzi cha nyumba yao wenyewe, ambaye studio yake ilikuwa imeitumikia serikali ya Marekani kwa katuni za kuhamasisha umma wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakamlaza chini maiti. Aliyeulizwa swali ni Mmarekani aliyekaa kitini akitazama. Mtu wa Hanoi hakuhusika. Hiki ndicho kipimo nitakachokitumia hapa: filamu ya kupinga vita humgeukia mwenye kuitengeneza na jamaa zake. Filamu inayomgeukia mtu wa ng'ambo peke yake inaweza kuwa na manufaa, inaweza hata kuokoa maisha, lakini kazi yake ni kumpinga adui. Hizo ni kazi mbili.

Naipeleka hoja hii Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu katika kaunti hizi tatu kazi hizo mbili zimechanganywa kwa muda mrefu, na kazi ya kwanza imekosa nafasi. Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, eneo hili limetumiwa ujumbe mwingi wa picha: matangazo ya redio na televisheni, video za simu, filamu za miradi ya amani. Karibu zote zinamwambia kijana wa huku asiende upande wa al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia. Ni nadra kukuta picha inayouliza vita vyenyewe vinaendeshwaje, na nani, na tangu lini.

Mfano ulio bora wa aina hiyo ya ujumbe haukutoka Garissa. Ulitoka kwa Wasomali wa ughaibuni. Mohamed Ahmed, mkazi wa Minneapolis aliyekuwa meneja wa kituo cha petroli, alianza mwaka 2014 kutoa katuni fupi kwa jina la Average Mohamed. Mji wake ulikuwa na sababu ya kuhangaika. Kuanzia mwaka 2007 vijana kadhaa wa Kisomali waliondoka Minnesota kwenda kupigana upande wa al-Shabaab, na baadaye wengine wakavutwa na kundi la Dola ya Kiislamu kule Syria. Ahmed alitumia fedha zake mwenyewe kuanza. Katuni zake ni za lugha nyepesi: sauti inauliza, mhusika anajibu, hoja ya dini inawekwa mbele ya hoja ya bunduki. Moja inahusu kura na risasi, nyingine inawahimiza wasichana wamwige Bi Aisha badala ya kutoroka kwenda kuolewa na wapiganaji. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya London iitwayo Institute for Strategic Dialogue ilizijumuisha katika uchunguzi wake wa namna jumbe kama hizi zinavyosambazwa mitandaoni, uchunguzi ulioungwa mkono na kampuni kubwa za intaneti.

Sina sababu ya kumdharau mtu aliyetoa akiba yake ili watoto wa jirani wasife jangwani. Ila tuzitazame katuni hizo kama kazi za sanaa. Anayetakiwa kubadilika ni kijana peke yake. Kuingia kwa jeshi la Ethiopia Mogadishu mwishoni mwa 2006, jambo lililowasukuma baadhi ya vijana wale wa kwanza, hakukupewa hata mchoro mmoja. Serikali haimo, ya Marekani wala ya Kenya wala ya Somalia. Vita vimekuwa ugonjwa wa mtu mmoja mmoja, na katuni ni chanjo yake.

Kazi iliyolikaribia eneo lenyewe zaidi si katuni, lakini haiwezi kurukwa. *Watu Wote* ni filamu fupi ya dakika 22 iliyoongozwa na Katja Benrath kama kazi ya kuhitimu katika chuo cha Hamburg Media School, ikapigwa Kenya kwa Kiswahili na Kisomali na kutolewa mwaka 2017. Ilipata tuzo ya dhahabu ya Oscar za wanafunzi, kisha mwaka uliofuata ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe. Inasimulia tukio la 21 Desemba 2015: basi linaloelekea Mandera linasimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab karibu na El Wak, abiria wanaamriwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 22 Novemba 2014, amri kama hiyo ilitolewa kwa basi lililokuwa likitoka Mandera, na watu 28 wakauawa kando ya barabara. Wiki mbili hazijatimia wakauawa wachimba mawe 36. Safari hii abiria walikataa kutengana. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera, alikuwa miongoni mwa waliokataa na kupigwa risasi. Alifariki Nairobi Januari 2016.

Filamu inamfuata Jua, mwanamke Mkristo anayechezwa na Adelyne Wairimu, ambaye amefiwa na mume na mtoto na anapanda basi akiwa amejaa shaka. Hapa Benrath alifanya jambo la maana. Shaka ile ni ya mtazamaji wa Nairobi, wa Nakuru, wa Eldoret, anayeshika mkoba wake akiona kilemba au kanzu, na kwa dakika zote za mwanzo kamera imekaa upande wake. Kwa kipimo changu, nusu ya filamu hii inapinga vita kweli, maana inamfanya mtazamaji aione sura yake kabla ya kuiona sura ya muuaji.

Nusu ya pili imebaki salama mno. Anayewatenganisha abiria ni gaidi, basi. Filamu haikuuliza kama abiria wale walikuwa wamewahi kutenganishwa na mtu mwingine. Jibu ni ndiyo. Aprili 2014, miezi michache kabla ya basi la kwanza, serikali iliendesha Operesheni Usalama Watch: maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh, Nairobi, na mitaa mingine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa, mwenye kitambulisho huku na asiye nacho kule. Watoto wa Garissa na Wajir walifika mbele ya kamati za uchunguzi ili wapate kitambulisho ambacho mwenzao wa Murang'a anakichukua kwa chifu bila kuulizwa babu yake alizaliwa wapi. Agizo la rais la kufuta uchunguzi huo wa ziada lilitiwa saini Wajir Februari 2025 tu. Kwa hiyo mwaka 2016 Salah Farah alipotunukiwa nishani ya taifa baada ya kufa, jambo la ajabu lilipita bila kusemwa: dola iliyokuwa ikiwachuja watu kwa majina na nyuso ilimpa nishani mtu aliyekufa kwa kukataa kuchujwa. Upinzani wake ulibandikwa kifuani mwa serikali ukawa pambo.

Hapa ndipo ninapoiona kazi ambayo katuni inaiweza na filamu ya waigizaji haiiwezi kirahisi. Filamu ya kawaida huhama kutoka tukio hadi tukio kwa kukata picha: gaidi yuko barabarani, kata, ofisa yuko uwanjani. Mtazamaji hupewa nafasi ya kusema kwamba hayo ni mambo mawili. Katuni haihitaji kukata. Mstari uliochora mkono mmoja unaweza kunyooka, kujikunja na kuwa mkono mwingine mbele ya macho, bila pengo. Kugeuka huku kwa umbo ni sifa ya asili ya uhuishaji, na wachoraji wa kwanza kabisa waliichezea kwa kufurahisha tu, chupa ikawa ua, ua likawa tembo. Kaskazini Mashariki kuna tendo moja linalorudiwa katika kila sura ya historia yake, na linastahili kuchorwa hivyo: mkono unaowagawa watu mafungu mawili.

Tulifuate tendo hilo nyuma. Februari 1984, katika operesheni ya kuwapokonya watu silaha, wanajeshi na polisi waliwakusanya wanaume wa Wajir wakawapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliokuwa wa koo nyingine walitengwa na kuachiliwa, Wadegodia wakabaki. Wakavuliwa nguo, wakawekwa juani bila maji wala chakula kwa siku kadhaa, na walipojaribu kukimbia wakamiminiwa risasi. Serikali ilisema kwanza kwamba waliokufa walikuwa 57. Mwaka 2000 ikakiri bungeni 380. Manusura wanataja maelfu. Zaidi ya miaka mitatu kabla ya hapo, Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi. Wenyeji huuita msiba huo Garissa Gubay, kuungua kwa Garissa. Nyuma zaidi kuna vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vya 1963 hadi 1967, na hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, uhuru haujafikisha wiki tatu, na ambayo sheria zake hazikufutwa hadi 1991. Na tukirudi mbele, alfajiri ya 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, washambuliaji waliwatenga wanafunzi kwa dini kabla ya kuwaua. Watu 148 walipoteza maisha.

Kumwona mtu akichora mkono wa mwanajeshi wa 1984 ukigeuka mkono wa gaidi wa 2015 kutawaudhi wengi, na ninaelewa. Ofisa anayenyima kitambulisho hajaua. Hata hivyo katuni haisemi kwamba matendo hayo yana uzito mmoja. Inaonesha yanavyoanza, na mwanzo wake unafanana: mtu anaacha kuwa abiria, mwanafunzi au mchungaji wa ngamia, anakuwa mmoja wa fungu. Wagalla ilianza kwa kuulizana ukoo. Basi la Novemba 2014 lilianza kwa kutakiwa shahada. Aliyeyaona yote mawili katika mstari mmoja usiokatika hatayasahau kwa urahisi.

Sababu ya pili ya kutaka michoro ni uhaba wa picha. Wagalla haikupigwa filamu. Tunachokijua kwa macho kinatokana kwa sehemu kubwa na picha chache zilizopigwa kwa siri na kutolewa nje, kazi ambayo Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alishiriki, na ambayo ilichangia kufukuzwa kwake nchini. Mwaka 2015 Judy Kibinge alitoa filamu ya hali halisi, *Scarred: The Anatomy of a Massacre*, akiwaweka manusura mbele ya kamera. Ni kazi ya lazima. Lakini manusura anayezungumza ni mzee wa leo. Kijana wa 1984 aliyelala uchi juu ya ardhi ya moto hana picha.

Uhuishaji ulianza kuingia katika pengo kama hili mapema sana, na historia yake haitoi faraja. Mwaka 1918 Winsor McCay alimaliza filamu iliyomchukua karibu miaka miwili, kuhusu kuzamishwa kwa meli ya abiria *Lusitania* na nyambizi ya Ujerumani mwaka 1915. Kamera haikuwapo baharini, kwa hiyo alichora: moshi, mashua za kuokolea, mama anayezama akiwa amemwinua mtoto wake juu ya maji. Ilikuwa mojawapo ya filamu za kwanza za katuni zenye hadhi ya taarifa, na lengo lake lilikuwa kuchochea hasira ya kwenda vitani. Anayechora kile ambacho hakikupigwa picha amepewa madaraka makubwa, maana hakuna picha ya kumsuta. Kwa Wagalla, kinachomsuta mchoraji ni ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 na kumbukumbu za manusura wenyewe. Akipita huko bila kuwauliza, atakuwa McCay wa upande mwingine.

Afrika imeshaonesha njia nyingine. Jean-Michel Kibushi, Mkongo aliyeanzisha studio ya Malembe Maa, alitengeneza *Septembre noir* mwaka 1992 kuhusu uasi wa wanajeshi na uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, akitumia michoro ya watoto. Watoto walichora walichokiona, na maduka yanavunjwa kwa mistari iliyopinda, watu wana vichwa vikubwa na miguu ya vijiti. Hakuna mtu mzima anayeweza kuichora bunduki kwa uwiano ule wa uongo unaosema kweli, bunduki ndefu kuliko aliyeibeba. Na hapa Kenya, Ng'endo Mukii, aliyejulikana kwa *Yellow Fever* ya mwaka 2012, amewahi kutoa hoja ninayoiona kuwa muhimu kuliko nyingi zilizoandikwa kuhusu uhuishaji barani: kwamba picha za kiethnografia zilimkausha Mwafrika kama mnyama wa makumbusho aliyejazwa pamba, na kwamba uhuishaji unaweza kumrudishia uhai. Kaskazini Mashariki imekaushwa hivyo mara nyingi. Ukitafuta picha zake utapata ardhi iliyopasuka, mzoga wa ng'ombe, mwanajeshi, na foleni ya mitungi ya manjano. Baada ya shambulio la chuo kikuu zilizunguka kwenye simu picha za miili ya wanafunzi sakafuni, na wazazi wakaziona kabla ya kufika mochari ya Chiromo. Nani ataomba picha zaidi za aina ile?

Kuna kikwazo ambacho mtu wa Nairobi huenda asikiwazie. Wapo wanazuoni, Garissa kama kwingineko, wasioridhia kuchorwa viumbe wenye roho, na wapo wanaoruhusu kwa masharti. Mchoraji anayetaka kazi yake itazamwe katika nyumba za mtaa wa Bulla Iftin hawezi kujifanya hajui mjadala huo. Njia mojawapo, inayokubalika kwa baadhi yao, ni kutokuchora sura: kivuli, mikono, viatu, vitu. Kisanaa hiyo si hasara hata kidogo. Filamu yenye mikono bila nyuso inamlinda shahidi aliye hai, na inamnyima mtazamaji nafasi ya kukisia huyu ni kabila gani. Kiti cha basi, mtandio unaopita kutoka kiti hadi kiti, kitambulisho kinachoinuliwa kuelekea mwanga: hivyo vitatu vinatosha kwa dakika nzima.

Isitoshe, filamu isiyo na maneno inavuka lugha bila tafsiri. Garissa mjini utasikia Kisomali, Kiswahili, Kiborana, na kando ya mto Tana Kipokomo. Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zimekuwapo kaunti hiyo tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na shirika la FilmAid limewahi kuonesha filamu humo usiku hadharani na kuwafunza vijana wakimbizi kuzitengeneza. Watazamaji hawahitaji kufundishwa namna ya kutazama. Siku hizi simu inatosha, na dakika moja haimalizi bando la mtu.

Tena upingaji wa vita si mgeni huku, wala haukuletwa na miradi. Miaka ya mwanzo ya 1990, koo za Wajir zilipokuwa zikiuana, wanawake wakiwemo Dekha Ibrahim Abdi walianzia sokoni. Wauzaji walikuwa wameanza kukataa kuuziana kwa misingi ya ukoo, na wanawake wale wakaunda kamati ya kuhakikisha kila mwanamke anauza na kununua kwa yeyote. Kutoka kwenye maziwa na nyanya walifika kwa wazee, na Septemba 1993 koo zikakubaliana Azimio la al-Fatah. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Ninachotaka kukionesha ni kwamba wanawake wale hawakuanza kwa kuwahutubia wapiganaji wa ukoo wa pili. Walianza kwa kuwakemea wauzaji wenzao, ndugu zao, waliokuwa wakigawa soko mafungu. Walifanya alichofanya Savage na panya wake, kwa gharama kubwa zaidi, maana wao walirudi nyumbani jioni kwa waume na kaka waliokuwa na silaha. Abiria wa Mandera mwaka 2015 walifanya vilevile. Mila ya kuukataa mkono unaogawa ipo. Imekosa mchoraji.

Kwa nini imemkosa? Si kwa sababu ya ufundi. Dakika moja ya katuni, kwa michoro 12 kila sekunde, ni michoro 720. Kijana mwenye simu nzuri, meza na muhula mmoja anaiweza. Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la shule na vyuo linakubali kazi za filamu. Tatizo ni sheria, woga na fedha, na nadhani la fedha ndilo kubwa kuliko mengine mawili.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, ambayo asili yake ni miaka ya mwisho ya ukoloni, inamtaka mtengenezaji awe na leseni, na Bodi ya Uainishaji Filamu haichukulii katuni kuwa mchezo wa watoto: mwaka 2017 ilipiga marufuku vipindi kadhaa vya katuni vya kigeni kwa mkupuo. Woga una sababu mpya. Desemba 2024 Gideon Kibet, aliyejulikana kwa picha za vivuli zinazomdhihaki rais, alitoweka, akaonekana tena Januari. Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika kwenye tamasha la Nakuru na mchezo *Echoes of War*. Polisi walirusha mabomu ya machozi, na wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Hayo yalitokea kwa mchezo wa vijana wa magharibi ya nchi. Kwa kijana wa Garissa, ambaye jina lake tu linamfanya asimamishwe mara mbili njiani, hesabu ni nzito zaidi.

Pingamizi litakalotolewa dhidi ya hoja yangu nalijua: ukiuonesha mkono wa serikali, unampa al-Shabaab risasi. Lina uzito, lakini limechelewa. Propaganda ya kundi hilo, ikiwemo ile ya Kiswahili kama jarida la *Gaidi Mtaani* lililoanza 2012, imekuwa ikiwataja Wasomali wa Kenya waliodhulumiwa na dola. Wanayatumia machungu hayo kwa sababu wameachiwa. Mkenya anayemchora mwanajeshi wa Wagalla na gaidi wa El Wak katika mstari mmoja anawanyang'anya machungu hayo, maana filamu yake inasema jambo ambalo al-Shabaab hawawezi kulikariri: kwamba na wao ni mkono uleule. Katuni ya kumpinga adui haiwezi kusema hivyo, kwa kuwa haina mkono mwingine wa kulinganisha nao.

Nimalizie na fedha, kwa kuwa ndiko filamu kama hii itakakouawa kabla ya kuchorwa. Tangu Mkakati wa Kitaifa wa Kukabiliana na Itikadi Kali ulipozinduliwa mwaka 2016 na kaunti zikaanza kuandaa mipango yake, fedha za sanaa zinazofika Kaskazini Mashariki mara nyingi huja na kichwa hicho juu ya fomu. Mwenye fedha atapenda wazo la basi. Atapenda mitandio. Akifika kwenye sekunde ambazo mkono wa gaidi unageuka kuwa wa ofisa, ataomba zipunguzwe, kwa adabu, akitaja mazingira ya kazi. Ombi kama hilo alilipata Norman McLaren wa Canada kwa filamu yake *Neighbours* ya mwaka 1952, ambamo majirani wawili wanagombea ua hadi wanauana na kuziangamiza familia zao. Ilipata Oscar, ila sehemu ya kuuawa kwa wake na watoto iliondolewa ili ipate soko Marekani. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, mtazamo ulibadilika na McLaren akairudisha. Yeye alikuwa mwajiriwa wa bodi ya filamu ya taifa lake, na ingawa negativu ya kile alichokikata ilikuwa imeharibiwa, ilibaki nakala ya kukirudishia. Mchoraji wa Garissa hana bodi wala nakala ya akiba, na sekunde zile akikubali kuziondoa hatakuwa na pa kuziweka. Afadhali aichore kwa simu yake, kwa dakika ileile moja, bila fomu ya mtu.